Daftari la Mwenye Duka

Katika sharika zetu husemwa mara nyingi habari za mizani ya hila na vipimo vilivyopunguzwa. Ni vizuri. Nabii Amosi aliwakemea wale waliongoja sabato ipite wapate kupunguza kipimo na kuongeza bei, na mwenye duka aketiye katika ibada husikia maneno hayo akajua kwamba macho ya watu yamemgeukia. Walakini katika kila biashara wako watu wawili. Aliye nyuma ya meza tumemhubiri sana. Aliye mbele ya meza tumemwacha aende zake. Basi katika habari hii twataka kumtazama huyo wa pili, maana ndiye sisi.

Swali letu ni hili: mtu wa kwetu afunguapo duka katikati yetu, je, udugu wetu watupa haki juu ya mali yake? Na kama watupa haki, ni haki gani, nasi twadaiwa naye nini?

Hatusemi habari za matajiri. Twasema habari za wachuruzi, wenye maduka madogo na magenge. Mtu akitoka Soko Kuu la Arusha kwenda Kilombero, akaendelea mpaka Ngaramtoni siku ya mnada, au akashika njia ya mashariki mpaka Tengeru siku ya Jumatano au Jumamosi, atawaona kwa mamia: mama aliyeshuka mlimani na mkungu wa ndizi kichwani, fundi wa cherehani barazani, muuza mkaa, mama ntilie na sufuria zake, kijana apangaye viatu vya mitumba juu ya turubai. Na katika kila kichochoro liko duka moja lenye dirisha la nondo, na ndani yake mtu mmoja tangu alfajiri hata saa nne ya usiku. Huyu katika mji wetu huitwa Mangi, hata kama si Mchaga, hata kama kwao ni Singida. Jina hilo zamani lilikuwa la watawala wa Kilimanjaro na wa Meru. Utawala wa machifu uliondolewa kwa sheria mwaka 1963, jina likabaki, likaketi dukani kati ya chumvi na sabuni. Lakini Mangi huyu wa sasa huamriwa na kila mtoto mwenye shilingi mia.

Sasa tutazame mkopo wa dukani, maana hapo ndipo udugu na biashara hugongana.

Wakati wa utawala wa Waingereza palikuwa na sheria ya kuzuia wenyeji wasikopeshwe. Mfanyi biashara asiye Mwafrika akimpa Mwafrika mali kwa mkopo pasipo idhini ya wakubwa wa serikali, hakuweza kumdai mbele ya hakimu. Walioitunga walisema ni kwa ajili ya kumlinda mwenyeji asizame katika madeni. Huenda wako aliowalinda. Lakini pia ilimhesabu mtu mzima kuwa kama mtoto, asiyeweza kuahidi na kutimiza ahadi yake. Leo hakuna sheria kama hiyo. Mwenye duka akitukopesha, hatukopeshi kwa amri ya serikali wala kwa rehani ya shamba. Atukopesha kwa sababu atusadiki. Hata sahihi hatutii. Huandika jina tu katika daftari la shule lililokunjwa pembe: Mama Fulani, sukari kilo moja, sabuni kipande. Basi mtu akilikimbia deni hilo, haikimbii sukari tu. Ayathibitisha kwa miguu yake mwenyewe yale yaliyosemwa na sheria ile ya kumdharau.

Zamani mkopo wa mlimani ulikuwa na siku yake. Mwenye duka alijua, na mkopaji alijua, ya kwamba malipo ya kahawa yatakapotoka, daftari litafutwa. Hata mwenye hila alijulikana siku ile ile. Sasa mibuni mingi ya Meru imeng'olewa, mahali pake pana migomba, nyanya, na nyumba za kupangisha; fedha huja kwa siku, tena siku nyingine haziji. Kwa hiyo mkopo umepotewa na tarehe yake. Twasema “mwisho wa mwezi,” hali hatuna mshahara wa mwezi. Siku hizi tena, tangu kutuma fedha kwa simu kulipoenea, liko neno jipya: “Nitakutumia.” Kisha simu yenyewe haipatikani.

Wako wasemao, “Mwenye duka ni ndugu yetu, amefanikiwa kwa ajili yetu, kama si sisi kununua angekula nini? Basi akitusaidia kidogo haimpunguzii.” Maneno haya yana kweli ndani yake, ndiyo sababu yadanganya. Tuyapime kwa hesabu. Tuseme kwa mfano amenunua sukari kwa bei ya jumla mjini shilingi 2,600 kila kilo, akaiuza shilingi 2,800. Faida yake ni shilingi 200, na humo hatujatoa nauli wala kodi ya chumba. Mtu mmoja akichukua kilo moja asilipe, mwenye duka amepotewa na shilingi 2,600 alizomlipa mwenye bohari. Naye mwenye bohari si mjomba wake, hakubali maneno ya udugu. Ili azirudishe fedha hizo sharti auze kilo nyingine kumi na tatu kwa fedha taslimu, na hizo kumi na tatu zote zisimpe faida hata senti moja. Yaani amesimama siku nzima dirishani kwa ajili ya chai yetu.

Tena hasara haikai kwake. Mwenye duka naye si mjinga. Akiona rasilmali yapungua, huongeza shilingi mia juu ya kila kilo, au hupunguza kijiko kimoja katika kipimo cha mafuta. Na anayelipa hiyo shilingi mia ni nani? Si mkopaji, maana yeye halipi. Ni yule bibi mjane ajaye na fedha zake zimefungwa katika pindo la khanga, anunuaye robo kilo, asiyependa kudaiwa. Huyo ndiye alipaye deni letu, wala hajui. Hapo twaona ya kuwa tuliyedhani twamwonea mwenye nacho, kumbe tumemwonea asiye nacho, kwa mkono wa mwenye duka. Katika jambo hili lote hatuoni neno zito kuliko hilo.

Liko jambo la pili, nalo ni gumu zaidi kulieleza. Zawadi ni kitu chema, na mkopo ni kitu chema, lakini si kitu kimoja. Mtu akinipa, yeye ndiye mtoaji. Jina lake na heshima yake vyabaki kwake, nami namshukuru. Akinikopesha, sisi wawili tu sawa. Leo mimi, kesho yeye. Lakini mtu achukuaye kwa jina la mkopo, hali moyoni hakukusudia kulipa, amefanya nini? Amejipatia zawadi bila kumwambia mtoaji kwamba anatoa. Amechukua mali, na tena amechukua shukrani iliyompasa yule mtu. Mwenye duka wa namna hii hutoa mwaka mzima, akahesabiwa kuwa mchoyo siku atakayokataa. Twamjua mtu aliyekopesha nyumba kumi na mbili katika kitongoji chake, akaikataa ya kumi na tatu, na hiyo ya kumi na tatu ndiyo iliyompa jina.

Waswahili wamesema kwa ufupi: kukopa harusi, kulipa matanga. Twaliona neno hili limeandikwa ukutani katika maduka mengi, na kando yake lile jingine, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twacheka tukiyasoma. Yafaa tufikiri kwa nini mtu agharimie rangi na brashi kuyaandika maneno hayo juu ya kichwa chake, yawatazame jirani zake mwenyewe.

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ambayo wengi wetu tuliikariri tukiwa watoto, Martin Luther aliieleza Amri ya Saba, ile ya kukataza wizi, kwa njia ambayo tulipoikariri hatukuitambua vema. Hakukoma katika kusema tusichukue fedha ya jirani wala tusimdanganye kwa bidhaa mbaya. Aliongeza ya kwamba imetupasa kumsaidia jirani ili mali yake na riziki yake vizidi na kulindwa. Basi mtu asiyeiba kabisa, ambaye hata hivyo aliona duka la jirani likifa akapita zake, bado hajaimaliza amri hiyo. Tumezoea kuifikiri riziki ya mwenye duka kuwa ni kazi yake mwenyewe. Luther aiweka juu yetu.

Na katika kitabu cha Mithali, mlango wa 20, yuko mnunuzi mmoja tumjuaye sana. Asimamapo mbele ya muuzaji huikashifu bidhaa. Akiisha kwenda zake, hujisifu. Twamwona huyo kila Jumamosi Tengeru. Mama ameshuka toka mbali kabla ya jua kuchomoza, kichwani ana mkungu. Mnunuzi aupapasa, akunja uso, asema ndizi zimekomaa vibaya, atoa nusu ya bei. Jua lapanda. Mama hana gari la kuurudisha mkungu mlimani, na mnunuzi ajua. Kupatana bei si dhambi. Ni mazungumzo, na bila hayo soko lingekuwa bubu. Lakini kuingoja shida ya mtu ikomae ndipo uivune, huko si kupatana bei. Ndivyo ilivyo na lumbesa pia, gunia lile lililoshonewa kilemba juu ya kilemba, ambalo mchuuzi wa mjini humlazimisha mkulima alijaze viazi au vitunguu kwa bei ya gunia moja. Sheria za vipimo zalikataza, nalo bado lapanda magari. Hapo mdhulumu ni mnunuzi.

Tuseme neno moja kwa pembeni. Jumapili baada ya ibada hufanywa mnada wa sadaka nje ya kanisa. Mkungu wa ndizi huwekwa juu ya meza, mwinjilisti hutaja bei, na sisi twapandishiana kwa furaha hata mkungu ule wazidi bei yake mara tatu. Ni jambo jema, na usharika wapata. Lakini huenda mkungu ule umetoka shamba moja na ule tulioukashifu jana yake sokoni. Jumamosi ulikuwa mbaya, Jumapili umekuwa mzuri. Hatujui ni nani atakayetueleza ulibadilika saa ngapi.

Mtu atatuuliza, “Je, wenye maduka hawana lawama?” Wanazo. Wako waongezao maji katika maziwa, na wako waliopandisha bei ya mahindi wakiona njaa yaja. Luther mwenyewe, katika maandiko yake ya mwaka 1524 juu ya biashara na riba, aliikataa kanuni ya wafanyi biashara kwamba mtu aweza kuuza ghali kadiri apendavyo. Alisema bei iwe ya haki. Lakini tusiliache lile alilolisema pamoja na hilo: kwamba mfanyi biashara ana haki ya kupata faida ya kumtosha kwa gharama yake, taabu yake na hatari yake, na kwamba kipimo kizuri ni kutazama kibarua apata nini kwa siku ya kazi kama hiyo. Haya, tumpime Mangi wetu. Afungua saa kumi na mbili ya asubuhi, afunga saa nne ya usiku. Ni saa kumi na sita. Ni kibarua gani wa Arusha angekubali saa hizo kwa ujira anaobaki nao mtu huyu baada ya madeni yetu?

Wazee wetu waliona pia maisha yalivyo pasipo yeye. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara kubwa ziliingia mikononi mwa serikali. Kisha mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa katika sehemu nyingi za nchi, mahali pake yakatakiwa kuwa maduka ya vijiji. Mengi hayakuwa tayari, watu wakakosa bidhaa, na amri ikalegezwa mwaka ule ule. Katika miaka ya kwanza ya 1980 upungufu ukazidi; sabuni na sukari zilipangiwa foleni, na mwaka 1983 serikali ikawasaka walanguzi. Walikuwapo kweli waliozificha bidhaa chini ya vitanda. Lakini wakati huo ndipo wengi walipofahamu ya kuwa yule mchuruzi waliyemnung'unikia alikuwa akifanya kazi: kuifuata mali mjini, kuibeba, kuigawa vipande vidogo kwa mtu asiyeweza kununua gunia, na kungoja.

Limebaki swali lililo gumu kuliko yote. Mama aja usiku, mtoto ana homa, hana fedha, ataka dawa ya maumivu na unga kidogo wa uji. Je, mwenye duka amkatalie kwa sababu ya hesabu zetu za kilo kumi na tatu? Hasha. Ampe. Hatuwezi kumwambia mtu mwingine neno lolote katika saa ile. Lakini sisi tulio majirani twajiuliza, kwa nini mama yule alikwenda dukani kwanza? Kwa sababu mlango ule ndio pekee uliokuwa wazi, na mtu yule ndiye pekee asiyeweza kusema hana, maana unga waonekana nyuma yake. Tumemwachia mtu mmoja kazi ya usharika mzima. Baraza lina mfuko wa wahitaji, jumuiya zina michango yao, wanawake wana vikoba vyao; kadi za harusi zatembea kila wiki, na ya kwanza hupelekwa kwa mwenye duka. Lakini unga wa usiku ule waandikwa katika daftari lake peke yake. Ingekuwa haki kesho yake asubuhi mmoja wetu aende akaulipie, pasipo kusema neno.

Nasi tuandikao haya hatukusimama nje ya habari hii.

Katika kijiji kimoja cha miteremko ya Meru, juu ya barabara iendayo Moshi, mama mmoja mjane alikuwa na duka. Tulikopa kwake kama wengine: sukari, mafuta, madaftari ya watoto shule zilipofunguliwa. Tulikusudia kulipa, kwa kweli. Kisha deni likakua kidogo, tukaona haya. Tukaacha kupita mbele ya duka, tukashika njia ya nyuma katikati ya migomba, iliyo ndefu zaidi na yenye tope. Hapo tulijifunza ya kuwa mdaiwa hupotewa na zaidi ya fedha. Hupotewa na njia. Na alipokuwa na haja ya wateja zaidi, sisi tulikuwa tukinunua kwa fedha taslimu duka jingine, la mgeni, ambaye hatukumwonea haya kwa kuwa hatukudaiwa naye. Mgeni akapata fedha zetu, na ndugu yetu akapata majina yetu katika daftari.

Duka lile lilifungwa baada ya mavuno. Siku chache baadaye mama alilichukua daftari lake akaja katika baraza la wazee wa usharika. Tulidhani amekuja kushitaki. Alisalimu, akasema, “Shikamooni, wazee wangu. Sikuja kudai. Naomba mtu mmoja mwenye macho mazuri anisaidie kujumlisha, nijue nimeanguka kutoka kimo gani.”

Mzee mmoja akasema yafaa majina yasomwe, ili wadaiwa walipe. Mama akakataa, akalifunga daftari akaliweka magotini. “Yakisomwa, mzee wangu, baadhi yao hawatakuja ibadani Jumapili. Mimi duka langu limekwisha kufungwa. Msije mkafunga na hili.” Hakuna aliyesema neno. Wengine wetu tulikuwa tukitazama sakafu, maana majina yetu yalikuwa magotini pake.

Jumla ilifanywa na kijana wa kwaya ambaye nyumba yao haikuwamo. Hatutaitaja. Tutasema tu ya kwamba ilizidi yote aliyoanza nayo.

Tangu siku ile watu wamekwenda kwake mmoja mmoja, wengi wao baada ya jua kuchwa. Wengine hawajakwenda bado. Mama sasa ana meza ya mboga na nyanya kando ya barabara, huuza kwa fedha taslimu tu, na siku za soko hushuka Tengeru. Deni letu lilikuwa shilingi 18,500 za miaka miwili. Tulipompelekea hakuzihesabu. Alilifungua daftari, akalitafuta jina kwa kidole, akapiga mstari, akatuuliza kama watoto hawajambo.